HESABU ZA CHAMA SI SIRI YA HALMASHAURI



Malalamiko yanayoletwa katika ofisi yetu juu ya vyama vya akiba na mikopo yamezidi kuwa mengi, na karibu yote ni ya namna moja. Mwanachama alikwenda kuuliza hesabu za chama chake, akaambiwa hayo ni mambo ya halmashauri. Akauliza kumbukumbu za mkutano uliopita, akaambiwa karani yuko safarini. Akauliza mara ya tatu, akaulizwa yeye ametumwa na nani. Basi akanyamaza, kwa maana ana ombi la mkopo wa karo ambalo halijapitishwa, na mwenye kulipitisha ndiye huyo huyo aliyemwuliza ametumwa na nani.

Sisi twaona yafaa jambo hili lisemwe waziwazi. Hakuna sheria ya Kenya iliyompa mjumbe wa halmashauri ruhusa ya kumjibu mwanachama hivyo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2004, imesema kinyume kabisa, na imesema kwa maneno ambayo hayahitaji wakili kuyafahamu.

Chama chetu cha wafanyakazi hakijaona haya kumwandama mwajiri anayekata fedha za Sacco katika mshahara kisha akakaa nazo. Hapo kila mtu yuko pamoja nasi, na sheria nayo ni kali: mwajiri wa namna hiyo anaweza kushtakiwa na chama na kudaiwa fedha zote pamoja na riba juu ya riba, isiyopungua asilimia 5 kwa kila mwezi. Lakini fedha hizo zikisha kufika katika chama, macho yetu hulala. Twafikiri kwamba kwa kuwa walio katika halmashauri ni wenzetu wa kazini, na wengine wao ni viongozi katika chama hiki hiki kinachotoa barua hii, si adabu kuwauliza. Sisi hatukubali. Shilingi iliyopotea mkononi mwa ndugu yako imepotea sawasawa na ile iliyopotea mkononi mwa tajiri, tena ya ndugu ni ngumu zaidi kuidai.

Kwanza yafaa tujue mambo yalivyofika hapa. Chini ya sheria ya zamani ya mwaka 1966, Serikali ndiyo iliyokuwa mlezi wa vyama vya ushirika. Kamishna wa Ushirika na maofisa wake waliyapitia makadirio ya matumizi, wakaidhinisha gharama, na hata hundi za chama zilihitaji mkono wao. Watu wengi waliuchukia utaratibu huo, na kwa haki, kwa maana ofisa wa Serikali naye ni binadamu na chama kilikuwa kama mtoto asiyekua. Mwaka 1997 Bunge likatunga sheria mpya, na Serikali ikauondoa mkono wake katika kazi za kila siku za vyama. Wanachama wakaambiwa: sasa chama ni chenu, kiendesheni.

Ikawaje? Katika vyama vingi mkono wa ofisa uliondoka na mkono wa mwanachama haukuingia mahali pake. Halmashauri zikabaki peke yake na sanduku. Wizi ukazidi, mikopo ikatolewa kwa ujamaa, viwanja vikanunuliwa kwa bei ambayo hakuna mtu mwenye akili zake angeinunulia shamba lake mwenyewe. Ndipo mwaka 2004 sheria ikarekebishwa na Kamishna akarudishiwa sehemu ya nguvu zake. Lakini hata baada ya marekebisho hayo, Kamishna hakai katika chumba cha halmashauri. Anayepaswa kuwa macho kila siku ni mwenye akiba.

Sasa tuiangalie sheria yenyewe. Kifungu cha 27 kinasema kwamba mamlaka ya juu kabisa katika chama cha ushirika yako katika mkutano mkuu, ambao kila mwanachama ana haki ya kuhudhuria, kushiriki na kupiga kura. Mwenyekiti si mamlaka ya juu, wala meneja, wala halmashauri yote ikikaa pamoja. Na katika kupiga kura kila mwanachama ana kura moja tu, hata kama mwenzake ana hisa mara mia. Mfagiaji mwenye hisa chache na mhasibu mkuu wa kampuni wako sawa katika ukumbi ule. Huo ndio ushirika, na ndiyo tofauti yake na kampuni ya matajiri ambamo hisa ndizo zipigazo kura.

Mkutano mkuu wa mwaka lazima ufanywe katika muda wa miezi minne tangu mwaka wa hesabu ulipokwisha. Chama ambacho mwaka wake hufungwa tarehe 31 Desemba hakina ruhusa ya kupitisha mwezi wa Aprili. Taarifa ya mkutano itolewe kwa maandishi, si chini ya siku 15 kabla. Twataja siku hizo kwa kuwa tumesikia habari za mkutano uliotangazwa Ijumaa jioni ukafanywa Jumamosi asubuhi, na waliohudhuria ni wale waliopigiwa simu. Katika mkutano huo hesabu zilizokaguliwa ndizo huletwa mbele ya wanachama, na wanachama ndio huamua faida igawanywe vipi, na ndio humchagua mkaguzi wa hesabu wa mwaka unaofuata. Mkaguzi ni mtu wetu, wala si mtu wa mweka hazina. Mwanachama yeyote anaweza kusimama akamwuliza jambo lililo katika hesabu, naye ajibu.

Halafu kuna kifungu cha 21, ambacho laiti tungeweza kukibandika katika kila mlango wa kiwanda. Hicho ndicho kinachompa mwanachama haki ya kupata habari zote halali za chama chake: kanuni za ndani, daftari za chama, kumbukumbu za mikutano mikuu, kumbukumbu za kamati ya usimamizi, ripoti, hesabu za mwaka, orodha ya mali, na ripoti za uchunguzi wowote uliofanywa. Haya yote aweza kuyaona katika ofisi kuu ya chama. Basi yule aliyeulizwa ametumwa na nani alikuwa na jibu, ila hakulijua. Ametumwa na kifungu cha 21.

Tutaongeza neno moja hapa, kwa kuwa haki hutumiwa vizuri na vibaya. Kuona hesabu za chama si kuona daftari la akiba ya jirani yako. Mwanachama mwenzako alicholimbikiza na anachodaiwa ni siri yake na chama. Mtu akienda ofisini kupeleleza kwa nini shemeji yake amepewa mkopo mkubwa kuliko wake, karani akimfukuza sisi hatutamtetea.

Je, ikiwa mwaka umepita na halmashauri haiiti mkutano, au kuna jambo lisiloweza kungoja mwaka? Wanachama wanaweza kuandika barua kudai mkutano mkuu maalum. Barua itiwe sahihi na wanachama wa idadi inayotakiwa na kanuni, na itaje madhumuni na sababu za kuutaka mkutano huo. Halmashauri ikikaa siku 15 bila kuuita, wale waliodai wanaweza kuuita wenyewe, kwa kuwapelekea wanachama wengine taarifa yenye madhumuni na sababu, na kueleza kwamba halmashauri imeshindwa kuuita. Wengi wetu hatujui kwamba jambo hili ni halali. Wanachama wakikusanyika hivyo huambiwa ni waasi, wanavunja chama, polisi wataitwa. Yafaa wawe na nakala ya sheria mfukoni polisi wakifika.

Kamishna naye aweza kuuita mkutano, na akiuita yeye au mjumbe wake ndiye hukaa kitini.

Tuje kwenye uchunguzi. Wanachama wakishuku kwamba fedha zimeliwa, kifungu cha 58 kinawaruhusu kumtaka Kamishna afanye uchunguzi katika mambo ya chama, katiba yake, kazi zake na hali ya fedha. Hesabu ya watu wanaotakiwa ni theluthi moja ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura katika mkutano uliotangazwa ipasavyo. Liangalieni neno hilo vizuri. Haikusemwa theluthi ya wanachama wote walioandikwa katika daftari, wakiwemo waliostaafu zamani na waliohamia Mombasa. Ni theluthi ya waliomo ukumbini na wakapiga kura. Ukumbi ukiwa na wapiga kura 90, watu 30 wanatosha, hata kama wale 60 wengine wamekuja na basi lililolipwa na mwenyekiti.

Uchunguzi ukiisha, Kamishna lazima ayalete aliyoyaona mbele ya mkutano mkuu, yasifungiwe katika kabati. Akiridhika kwamba halmashauri haifanyi kazi yake vizuri, aweza kuivunja na kuweka halmashauri ya muda ya wanachama wasiozidi watano, kwa siku zisizozidi 90. Siku hizo ni chache. Tumeona mahali ambapo wanachama walipiga vigelegele siku halmashauri ilipovunjwa, wakarudi makwao, na siku ya uchaguzi wakachaguliwa wale wale au ndugu zao.

Na fedha zenyewe je, zaweza kurudi? Sheria inasema halmashauri ifanye kazi yake kwa busara na bidii ya mtu wa kawaida wa biashara, na wajumbe wake watadaiwa wote pamoja na kila mmoja peke yake kwa hasara iliyotokana na vitendo vyao vilivyo kinyume cha sheria, kanuni, sheria ndogo za chama au maagizo ya mkutano mkuu. Maana ya maneno hayo ni nzito. Mjumbe hawezi kusema, Mimi nilitia sahihi tu, mwenyekiti ndiye aliyejua. Anaweza kudaiwa hasara yote yeye peke yake, kisha yeye ndiye atakayewatafuta wenzake. Wala hawezi kusema kazi ile alipewa meneja, kwa kuwa kumpa meneja kazi hakuiondolei halmashauri wajibu wake. Chini ya kifungu cha 73 mwanachama yeyote, hata mmoja tu, aweza kumwomba Kamishna achunguze mwenendo wa mtu aliyeshika uongozi na akatumia vibaya au akakaa na fedha au mali ya chama. Kamishna aweza kumwamuru alipe. Mtu huyo asiporidhika ana siku 30 za kwenda kwenye Baraza la Hukumu la Ushirika, na baada ya hapo kuna Mahakama Kuu. Hiyo ni haki yake, naye asinyimwe, kwa maana si kila anayeshtakiwa ni mwizi. Halmashauri nyingi zina watu waaminifu wanaofanya kazi usiku kwa posho ndogo na kutukanwa mchana.

Yasidhaniwe kwamba twasema haya kwa kuogopa kivuli. Muungano wa Kenya wa vyama vya akiba na mikopo, unaojulikana kwa jina la KUSCCO, ulianzishwa mwaka 1973 na vyama vyenyewe, ukawa mahali ambapo Sacco nyingi ziliweka fedha zao. Mwaka 2024 Wizara iliweka uongozi wa muda mahali pa ule wa zamani. Uchunguzi wa hesabu uliotangazwa mwaka 2025 ukasema kwamba zaidi ya shilingi bilioni 13 zilikuwa zimepotea, na kwamba hesabu zilizokuwa zikionyeshwa hazikuwa za kweli. Ripoti ilisema hata kwamba palikuwa na sahihi ya mkaguzi ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama kusema, wala sisi hatumhukumu mtu. Sisi twauliza jambo jingine. Miaka yote hiyo wajumbe kutoka Sacco walikwenda kwenye mikutano, wakapokea vitabu vya hesabu vyenye picha za rangi. Ni wangapi walikwenda na swali?

Labda mwanachama wa kiwandani atasema, Hiyo ni habari ya wakubwa, mimi sikuweka kitu huko. Umeweka, ndugu. Sacco yako ikiweka fedha mahali zikapotea, lazima itenge sehemu ya mapato yake kuifidia hasara ile. Mwisho wa mwaka gawio lako na riba ya akiba yako hupungua, nawe huambiwa hali ya uchumi ni ngumu.

Hapa twafika kwenye mambo ya wajumbe. Vyama vikubwa haviwezi kuwaweka maelfu ya watu katika ukumbi mmoja, kwa hiyo wanachama huchagua wajumbe na wajumbe ndio huenda. Utaratibu huo si mbaya, lakini umekuwa mlango wa nyuma. Mjumbe huchaguliwa na watu sita wakati wa chakula cha mchana, huenda hotelini, hupewa chakula, nauli na bahasha, hunyosha mkono pamoja na wengine, na akirudi haulizwi kitu. Haki zote tulizozitaja huwa zimefungwa ndani ya mkono wake mmoja. Basi mwiteni kabla hajaenda. Taarifa ya siku 15 imewekwa kwa ajili hiyo. Asome hesabu mbele yenu, mmpe maswali yaliyoandikwa: mikopo isiyolipwa ni kiasi gani, halmashauri yenyewe imejikopesha kiasi gani, fedha zimewekwa wapi, kiwanja kilinunuliwa kwa nani, hati yake iko kwa jina la nani. Akirudi awasomee majibu. Mjumbe asiyekubali hivyo asichaguliwe.

Twajua kinachowazuia wengi ni hofu ya mkopo. Hofu hiyo si upuuzi. Lakini anayenyimwa mkopo kwa kuuliza hesabu aombe sababu kwa maandishi, na kama sababu haiko katika sheria ndogo za chama, ugomvi huo waweza kupelekwa kwenye Baraza la Hukumu la Ushirika. Tena ni vigumu kuwanyima mkopo watu 40 walioandika barua moja kuliko kumnyima mtu mmoja aliyesimama peke yake. Wafanyakazi hatuhitaji kufundishwa hilo. Ndivyo tulivyopata kila nyongeza ya mshahara.

Wako ndugu ambao chama chao si cha ushirika. Wengine wamejiandikisha kama kikundi cha jamii chini ya sheria ya mwaka 2022, wengine kama kampuni isiyo ya faida, isiyo na hisa, ambayo wanachama wake ni wadhamini tu. Hao wasitumie vifungu tulivyovitaja hapa. Kwa kampuni ni Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, na humo pia wanachama wanaweza kumwondoa mkurugenzi kabla ya muda wake kwa kura ya wengi katika mkutano. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuiangalia hati ya kuandikishwa kwa chama chenu, mjue mko chini ya sheria ipi. Na ninyi wa ushirika jueni kwamba Muswada wa kuiandika upya sheria ya 1997 ulipelekwa Bungeni mwaka 2024. Kabla ya kutia nambari ya kifungu katika barua yoyote, mwulizeni Afisa wa Ushirika wa kaunti kama nambari hiyo ni ile ile.

Wengi wametuuliza barua ya kudai mkutano huandikwaje. Iwe fupi, isiwe na matusi wala majina ya wezi. Yaweza kuwa hivi:

"Kwa Katibu wa Chama. Sisi wanachama tuliotia sahihi hapa chini, kila mmoja na nambari yake ya uanachama, twadai uitwe mkutano mkuu maalum chini ya kifungu cha 27 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika. Madhumuni ya mkutano: kupokea hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, na kuzungumza juu ya ununuzi wa kiwanja. Sababu: mkutano wa mwaka haukufanywa katika muda wa miezi minne, na wanachama walioomba kuona hesabu katika ofisi hawakuonyeshwa."

Badilisheni madhumuni na sababu kwa kadiri ya mambo yenu. Barua ipelekwe na watu wawili, wala si mmoja, na nakala yenu igongwe mhuri wa ofisi na kutiwa tarehe, kwa maana zile siku 15 zitahesabiwa tangu siku hiyo. Karani akikataa kugonga mhuri, ipelekeni kwa rejista ya posta na risiti iwekwe. Nakala moja iende kwa Afisa wa Ushirika wa kaunti, na nyingine iletwe katika ofisi yetu siku yoyote ya kazi, pamoja na kitabu cha sheria ndogo za chama chenu kama mnacho. Kama hamna, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kwenda kukidai.